Choo cha Porini

Shamba letu lile la kupita Kimara tulililima mihogo mie na marehemu mume wangu mpaka udongo ukatuchoka. Mihogo ya mwisho ilitoka myembamba kama vidole vya mgonjwa. Ukiichemsha, maji yanaisha, yenyewe bado.

Mjukuu wangu amesomea mambo ya wanyama chuo kikuu. Mie niliishia darasa la tatu, kwa hiyo akiongea namuachiaga amalize.

"Bibi, tuache kulima," akasema. "Tuingize ng'ombe na punda, wale wanapotaka, walale wanapotaka. Watakanyaga, watasambaza mbegu kwa mavi yao. Pori litarudi lenyewe."

Pori hilo nililifyeka nikiwa na mimba ya mama yake. Sasa yeye ananirudishia. Nikakubali, maana ana akili kuliko ukoo mzima wa babu yake.

Likarudi kweli. Senyenge pembeni, ndani kila mnyama na ratiba yake. Nyasi za kifuani, vichaka, ndege niliokwisha kuwasahau majina.

Tatizo la huku kwetu ni hilo neno. Shamba likishaitwa pori, watu wanasikia halina mwenyewe. Siku moja nikamkuta dalali ndani na mteja wake, wanavuta tepu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnapima nini?"

"Kiwanja. Hili pori mwenyewe alishakufa."

"Aliyekufa ni mume wangu. Mwenyewe ndiye unayempa shikamoo."

Tukaishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Mjukuu wangu akaeleza vizuri: uoto wa asili, rutuba, vipepeo. Nilitamani ukoo wote uwepo. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho.

"Uoto umerudi, nimekuelewa mwanangu. Uendelezaji uko wapi? Sioni mhogo, sioni tofali. Nikiulizwa, niseme bibi anaendeleza nyasi?"

"Sema ng'ombe," nikamwambia.

"Ng'ombe wanatembea, mama. Kesho wako kwa jirani. Nionyeshe kitu kisichotembea, mie nimalize hii kesi. La sivyo huyu mteja wa dalali atajenga."

Dalali akacheka.

"Choo kinatembea?" nikauliza.

Mwenyekiti akafikiri. "Choo hakitembei."

Mjukuu wangu akanivuta kanga. "Bibi, jengo katikati ya pori litaharibu kila kitu."

"Choo kimoja tu. Wanyama hawatakitumia."

Nikaleta fundi. Tofali, bati, mlango wa bluu, na ubavuni kwa rangi nyekundu jina langu na maneno ENEO HILI HALIUZWI. Mwenyekiti akaja kukagua, akakitumia, akasema ameridhika. Mteja wa dalali hakuonekana tena.

Mjukuu wangu alininunia. Kisha punda wakaanza kujikuna kwenye kona za ukuta, popo wakahamia chini ya bati, naye akawa anashinda humo chooni anawapiga picha. Sasa anakiita makazi.

Dalali bado anapita. Juzi alisimama nje ya senyenge, akanipa shikamoo ndefu, akaomba aingie kujisaidia.

Nikamwambia akamwombe mjukuu wangu. Humo popo wananyonyesha.