Dungusi la Mama Penye Jiwe la Kutawadhia

Nakumbuka siku moja huko Kaole, mwanangu, alasiri imetulia hata majani yalikuwa kama yanasinzia. Nilikuwa bi harusi mpya, na katika vyote nilivyotoka navyo kwetu, nilichokipenda zaidi ni dungusi, ule mmea wa miiba ambao nyinyi vijana mnauita kaktasi. Mama yangu alilipanda kwenye kopo la samli kabla hajafariki. Nikiliangalia, nilikuwa kama namsikia akiniita kutoka chumba cha pili.

Nikaliweka penye jiwe la kutawadhia. Nyumba nzima ikitia udhu, maji yanachuruzika koponi, nami moyo mweupe: maji ya sala yatakosaje heri? Lakini likaanza kunywea. Shina likawa manjano chini, likalegea. Nikadhani lina kiu, nikaliongezea kata nzima ya maji. Ujana nao una usingizi wake.

Mama mkwe akanikuta nalia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akisema, amesema. Akachomeka kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Bi harusi, hili halina kiu. Linazama."

Akaleta kisu. Nikamshika mkono, nikamwambia pale chini ndipo mama aliposhika akipanda.

"Mkono wa mama yako umepita pote," akasema. "Na dawa ya jipu ni kulitumbua."

Akakata palipooza, akakata tena juu yake, mpaka nyama ikawa ya kijani safi. Kikabaki kipande cha kutosha kiganja. Akapaka jivu kwenye kidonda, akakilaza kivulini kikauke. Nililia, mwanangu, kama msiba umerudi. Kisha akatoboa kopo chini, akatandika vigae, akajaza mchanga wa mtoni wenye changarawe. Wa pwani alinikataza kwa ajili ya chumvi. Maji nayo akanizuia mpaka kishike mizizi. Subira huvuta heri, ila huivuta polepole. Asubuhi nyingi nilikaa nakitazama, sijui naota au niko macho, hadi nilipokigusa kikakataa kung'oka.

Sasa unahamia Mapinga na kitawi chake mkononi. Sikiliza basi. Likinywea, gusa udongo kwanza. Ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha liache. Ukiwa na majimaji, mizizi inaoza, ling'oe ukate. Likirefuka jembamba, linatafuta mwanga, lisogeze juani kidogo kidogo, maana ukilitoa ghafla litababuka. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba, vifute kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Na watu wako nao usiwamiminie kabla hujajua wanakosa nini. Lau dungusi lile lingeachiwa mapenzi yangu peke yake, leo nisingekuwa na kitu cha mama cha kukupa.

Nenda, mwanangu. Mola akupe jicho la kutazama kabla ya mkono wa kutoa, na siku ya kukata ikifika, akushike mkono usitetemeke. Amina.