Mvinyo wa Zabibu Tatu na Bega la Kondoo

Kwa miaka kumi na minne Mama Glasi alisimama mbele ya sinki la hoteli, na katika miaka yote hiyo hakuosha glasi ya mvinyo hata moja bila kuinusa kwanza. Wenzake walimcheka.

"Unatafuta nini humo ndani, shoga?"

"Namtafuta mume wako," hujibu, povu limemfika viwikoni, na jiko zima huangua kicheko.

Basi nafasi ya mhudumu wa mvinyo ilipobaki wazi, alikausha mikono, akaenda kuiomba. Mkuu wa wahudumu, ambaye wote walimwita Bwana Kizibao kwa kuwa hakivui kizibao chake hata joto liwe la namna gani, alimtazama kuanzia kilemba hadi vidole vya miguu.

"Mama, kumimina mvinyo si kumwaga maji ya vyombo."

Shefu, mwanamke wa maneno machache, aliinua uso kutoka kwenye ubao wa kukatia nyama. "Mpe chupa. Akiipatia chakula kinachoendana nayo, kazi ni yake. Akikosea, anarudi sinkini na maneno yameisha."

Saa tisa alasiri, wateja wa mchana wakiwa wameshaondoka, meza ikaandaliwa: samaki wa limau, kamba wa pilipili, kuku wa kuchoma, na bega la kondoo lililopikwa taratibu na vitunguu. Katikati ikasimama chupa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa, uliochanganywa kwa zabibu za aina tatu.

Mama Glasi akamimina kidogo kwenye glasi, akanusa. Harufu haikuja. Akaonja. Ulimi ukamkauka kama amekunywa chai iliyosahaulika kwenye birika. Mvinyo huu aliujua, siku zote alikuta harufu yake kwenye glasi, na leo ulikuwa umemnunia. Akaigusa chupa. Baridi!

"Bwana Kizibao, hii ilikuwa wapi?"

"Kwenye friji, wapi tena? Si kinywaji?"

"Kaka yangu, umemgandisha mgeni ulimi, halafu unataka aongee."

Akaomba wasubiri. Akaikumbatia glasi kwa viganja viwili, akatulia. Dakika zikapita. Bwana Kizibao akatazama saa, akakohoa, akatazama tena.

"Mama, tunaonja au tunaatamia?"

Akaizungusha glasi taratibu. Kisha harufu ikapanda, kwanza kidogo, halafu kwa wingi, na uso wake ukachanua.

"Wamekuja," alisema.

"Nani?" Shefu akauliza.

"Wote watatu. Wa kwanza mkali, amenyooka kama wifi aliyekuja kukagua nyumba. Wa pili laini, mnene, shangazi wa kukupakata, ananukia tunda la plamu. Wa tatu haongei, amepita tu na majani mabichi mkononi."

"Na chakula?"

Akalivuta bega la kondoo. "Huyu wifi anataka kitu cha kutafuna, na mafuta ya kumlainisha. Ukimpa samaki mtagombana, utasikia ladha ya chuma mdomoni."

"Nani kakufundisha?" akauliza Bwana Kizibao.

"Wateja wako. Glasi zinazorudi na sahani za samaki zinarudi nusu. Zinazorudi na sahani za kondoo hazina hata tone, utadhani zimelambwa."

Shefu akakata nyama, akatafuna, akanywa, akafumba macho. Akakata tena. Bwana Kizibao naye akaonja, akaongeza, na mara ya tatu akafungua kifungo cha juu cha kizibao.

"Huyu shangazi," alisema polepole, "sasa namwona."

Shefu akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Alipopata pumzi akamgeukia Mama Glasi. "Kesho uingie kwa mlango wa mbele."

Mama Glasi alitaka kushukuru kwa adabu, lakini kikamtoka kigelegele, kirefu, hata waliokuwa wakipanga viti ukumbini wakaitikia bila kujua wanashangilia nini.