Fatiha Kabla ya Kura

Nakusimulieni haya huku uso nimeufunika kanga, maana hapa Pujini hadi leo nikipita njiani wapo wanaonikunjulia viganja vya dua, kisha wanacheka.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha kina mama wa mboga, na wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka mjini Chake kwenye mafunzo ya kuendesha vikao, kichwa kimejaa kama pakacha. Nikawafundisha wenzangu yote: mtu hunyoosha mkono, mwenyekiti humruhusu, hoja hutolewa na mmoja ikaungwa mkono na mwengine, kisha kura, na kikao kikishafungwa hakifunguliwi (hili nililikazia kwa kugonga meza kwa mwiko, maana nyundo sina).

Siku hiyo ajenda ilikuwa moja, pampu mpya ya kikundi ifungwe kisima gani, cha juu au cha bondeni. Bondeni ndiko kwenye konde langu, na tungule zangu (nyanya, kwa wasiojua) zilikuwa zimetoa maua, zinanyauka kwa kiu, kila nikizitazama roho inaniuma. Mwenyekiti hatakiwi kupendelea, najua, lakini nilishawapima wenzangu kwa macho na wengi walikuwa wa bondeni, kwa hiyo nikanyamaza zangu nisubiri kura.

Akasimama Bi Time, mtu mzima, konde lake liko juu, akatoa hoja pampu iende huko, jirani yake akamuunga mkono, hapo likazuka zogo, kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza, nagonga mwiko, nanyoosha mkono mimi mwenyewe mwenyekiti, wapi, mpaka mwiko ukavunjika. Ndipo nilipopata akili yangu (akili hiyo!), nikapaza sauti, "Al-Fatiha!"

Kimya. Viganja juu, midomo inacheza, nami nasoma huku najisifu moyoni kwamba tukimaliza tu naitisha kura. Tukamaliza, wakapangusa nyuso, amin, mara naona huyu anatafuta viatu, yule anakunja jamvi.

"Jamani, mwendapi? Kura bado!"

"Kura ya nini tena, mwanangu?" Bi Time akasema kwa upole kabisa. "Hoja ilokuwepo ni yangu miye, na Fatiha ishasomwa. Weye ushaona posa ikasomewa Fatiha, kisha watu wakarudi kuulizana nani ataka na nani hataki?"

Nikamgeukia wifi yangu, ndiye katibu wetu, aniokoe. Akainamisha kichwa asicheke. "Wifi, si weye ulotufunza? Fatiha ndiyo kufunga, na kikao kikifungwa hakifunguliwi."

Nyumbani nikamlalamikia mama, nikidhani atanihurumia. "Fatiha si firimbi, mwanangu," akasema, akaendelea kukuna nazi. Hilo liliniuma kuliko pampu, kwa sababu kweli nilikuwa nimelitumia neno la Mungu kunyamazishia watu.

Pampu ikaenda juu, tungule nikazinywesha kwa ndoo, nikipita mlangoni kwa Bi Time asubuhi na jioni njiani kwenda kondeni, naye haachi kuniuliza, "Mwenyekiti, kuna mengineyo?" Nusu ya tungule zilipona, alhamdulillahi.

Nimeapa, Fatiha siiti tena mpaka kura ya mwisho ihesabiwe. Ila kikao kilichofuata, zogo lilipoanza, nilikohoa tu kusafisha koo, nikamsikia Bi Time anawakemea wenzake, "Nyamazeni, nyamazeni, asije akatusomea!" Wakatulia wote, mikono ikanyooshwa mmoja mmoja, na mwiko mpya sikuugusa.