Blanketi la Kompyuta ya Linux

Enzi zetu kompyuta haikuguswa hivi hivi. Ulinawa mikono kwa sabuni, ukavua viatu mlangoni, ukaingia na soksi, na mwenye soksi iliyotoboka alibaki nje akichungulia dirishani. Watoto wa leo wanalala na simu kitandani halafu wanasema wanajua teknolojia. Hebu wanipishe.

Shuleni kwetu Mollo zilikuwepo mbili tu, zote za kuazima parokiani. Moja ilikuwa na mfumo wa Windows, nyingine wa Linux. Mwalimu Desderia ndiye mtu wa kwanza tuliyemwona kwa macho yetu akiwasha kompyuta, kwa hiyo tulimheshimu kupita kiasi. Alitusimulia habari za mama mmoja wa Kiingereza aliyeandika programu kabla hata kompyuta haijaundwa. Ikatuingia mno. Jioni bwenini, kwenye litania, baada ya watakatifu wote tukamwongeza: "Mama wa Programu, utuombee." Katekista alituchimbisha shimo la taka.

Basi darasa likagawanyika. Watu wa Windows walituita sisi wa Linux washamba, eti mashine yetu haina hata mchezo wa karata. Tukawajibu kwamba yao inaogopa flashi yenye virusi kama kifaranga anavyoogopa mwewe. Watu waliacha kula ugali wa ulezi sahani moja kwa ajili hiyo. Mwisho tukawekeana shindano: zote ziwashwe asubuhi, na itakayozimika kabla ya jioni, watu wake wawaachie wenzao zamu zao za mazoezi ya kompyuta muhula mzima. Tulisahau kwamba Padri alishaonya: kikiharibika kitu kwa utundu wa wanafunzi, zote mbili zinarudi parokiani.

Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita mnaijua. Upepo ulipita chini ya mlango, nikaihurumia mashine yetu. Nikaleta blanketi langu la bwenini, nikaifunika gubigubi. Baada ya muda nikaigusa, ina joto, nikafurahi kwamba imepata nafuu. Saa sita mchana ikatoa harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi, ikazimika moja kwa moja.

Padri alipofika tulikuwa tumepanga mstari, hakuna tena cha Windows wala Linux. Akauliza nani kafunika. Nikaanza kutazama soksi zangu.

"Ni mimi, Baba," akasema Mwalimu Desderia. "Niliona baridi imezidi."

Padri akamtazama yeye, akalitazama blanketi, akasema basi ile iliyo nzima ibaki shuleni. Tukaendelea kusoma. Mwalimu akaitwa Mama Blanketi Mollo nzima, mpaka akastaafu.

Leo natengeneza kompyuta mjini. Kijana analeta mashine, ukimuuliza inatumia mfumo gani anajibu, "We rekebisha tu, mshikaji." Hata ubishi hawana, masikini. Sisi tulinuniana wiki nzima, na bado natamani siku zile.

Juzi Mwalimu alipita dukani. Mteja mmoja akamwamkia, "Shikamoo, Mama Blanketi." Akaitikia marahaba, anacheka. Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikasimama mbele ya watu nikasema lile blanketi lilikuwa langu.

"Najua, mwanangu," akasema. "Lilikuwa limeandikwa jina lako kwa kalamu ya wino. Hata Padri alilisoma."