Picha Ishirini na Nne za Mchanga

Juzi lori lilimwaga mchanga wa kujengea nje ya ploti yetu hapa Yamumbi, ungali umelowa, na harufu yake ikanifikia mlangoni nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Wengine huipenda harufu hiyo. Mimi huichukia, na nitawaambia sababu, maana sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa darasa la saba. Dada yangu Nyambura alikuwa darasa la nane, na safari ya shule ya kwenda Mombasa ilikuwa yake. Alikuwa ameingojea mwaka mzima, kisha moyo ukaanza kumsumbua, miguu ikavimba hata raba zake nyeupe zikakataa kuingia. Daktari akaikataza safari. Mama alipomwomba mwalimu mkuu niende badala yake, nilijifanya kusikitika. Ukweli ni kwamba nilifurahi mpaka nikakosa usingizi, na siku ya kuondoka Eldoret nilizivaa zile raba.

Nyambura alinikabidhi kamera aliyoazimwa na mjomba wetu, yenye filamu ya picha ishirini na nne. Picha za hoteli hakuzitaka, wala za wanafunzi wenzake.

"Nipigie bahari tu," aliniambia. "Nataka kuona vile inaenda bila kuisha."

Asubuhi ya kwanza tulishushwa ufuoni jua ndio kwanza linachomoza juu ya maji. Wenzangu walikimbilia mawimbi wakipiga mayowe. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kusimama nipige picha nilipomwona mdudu kwenye mchanga mkavu. Alikuwa mbawakawa mdogo, mwenye miguu mirefu myembamba na mgongo wa kijani unaong'aa. Mwalimu wetu wa sayansi alituambia kwamba huyo ni mwindaji, ana mbio kuliko wadudu wengi, na kwamba nisijisumbue na kamera kwa sababu singemweza. Laiti angenyamaza.

Nilijiambia nitampiga picha moja tu. Nikanyata, nikainama, na nilipobonyeza alikuwa ameshachomoka, amesimama hatua chache mbele kana kwamba ananisubiri. Nikamfuata. Akangoja nimkaribie, akachomoka tena. Nilimpoteza, nikampata mwenzake, naye akanifanyia vilevile. Hasira zilinipanda, na mimi nikikasirika sisikii la mtu. Halafu kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Nyumbani kila sifa ilikuwa ya Nyambura, hata akiwa kitandani, nami nilitaka kurudi na kitu kimoja ambacho yeye hakuwa nacho. Nilikuja kushtuka kamera ilipoanza kulia yenyewe, ikiirudisha filamu ndani. Picha zilikuwa zimekwisha zote.

Ningeweza kusema ukweli nilipofika nyumbani. Badala yake nilimwambia Nyambura kwamba bahari nimemletea yote. Alimwomba Mama aondoe kalenda ukutani, mbele ya kitanda, ili pawe na nafasi. Kwa wiki nzima, wakati picha zikisafishwa studio mjini, aliutazama ule ukuta mtupu akituhesabia zitakavyopangwa, nne kwenda juu na sita kwenda pembeni.

Mama alizileta Jumamosi. Nyambura alizitazama moja baada ya nyingine, polepole, mpaka ya mwisho. Zote zilikuwa mchanga, na juu ya mchanga kivuli changu kirefu kimeinama. Mbawakawa hakuonekana hata mmoja.

"Na bahari iko wapi?" aliuliza.

"Ilikuwa nyuma yangu."

Hakunigombeza. Alizirudisha kwenye bahasha, akageukia upande wa pili. Hakufika Krismasi. Wiki tuliyomzika, Mama aliirudisha kalenda mahali pake, na sijui kama aliwahi kujiuliza kwa nini ukuta ulibaki mtupu.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Pwani. Nilidamka, nikaenda ufuoni na simu, na mbawakawa walikuwepo, kana kwamba ilikuwa jana tu. Safari hii nilijua kilichokuwa kikiwafukuza: kivuli changu mwenyewe. Kwa hiyo nilizunguka upande wa nchi kavu, nikalala kifudifudi, jua likanipiga usoni na kivuli kikaangukia nyuma. Mmoja alisimama akatulia. Nikabonyeza mara moja tu.

Ametokea vizuri, kila mguu unaonekana. Na nyuma yake ipo bahari, inaenda bila kuisha.

Nilikaa pale nikalia kwa uchungu hadi mlinzi wa hoteli akaja kuniuliza kama nimeibiwa. Miaka yote nilijisamehe kwa kusema kwamba nilikuwa mtoto na ilibidi nichague, mbawakawa au bahari. Haikunibidi kuchagua chochote. Zilikuwa hatua kumi tu za kuzunguka, na nilikuwa nimevaa raba zake.