Boga Lililojiotea

Nilijua ndoa yangu imeingia awamu mpya siku niliporudi kutoka kazini nikamkuta mume wangu anazika kabati.

Kabati la nguo. La mbao, milango miwili. Shimo lilikuwa refu kama la marehemu, na jirani alishachungulia juu ya ukuta kuuliza tumefiwa na nani.

Mume wangu hakuinua hata kichwa. Alinieleza, kwa utulivu wa daktari, kwamba mbao zikioza chini ya udongo hutunza maji, kwa hiyo pale juu tutapanda viazi vitamu.

Nikamuuliza nguo zilizokuwa ndani ziko wapi.

Ziko kitandani, akasema. Zako zote.

Kwa msiojua, hicho ndicho kinaitwa kilimo cha kudumu. Unaiga msitu. Hulimi, hung'oi magugu, hutupi kitu. Mume wangu alikisomea kwenye simu akiwa amelala chali, na tangu hapo hatukuwa na ua tena. Tulikuwa na "mfumo".

Kamba yangu ya kuanikia ilihamishwa kupisha maharage. Maganda ya jikoni yakapata heshima kuliko mimi. Yalitandikiwa majani makavu yasipate baridi.

Watoto walikuwa shule ya bweni. Mungu anajua kulinda.

Mimi ni mtu wa vitendo. Nina stashahada ya mapishi na nasimamia jiko la chuo, ambako watu wanapanga foleni na sahani mkononi, hawana muda wa mifumo. Nilitaka ua wa zege. Ufagie, uanike, uweke kiti ukae. Fundi alishakuja kupima.

Tulibishana mpaka mama mkwe akachoka kupigiwa simu na pande zote mbili. Akakata shauri. Mavuno yakifika, yeye na wifi yangu watakuja kula Jumapili moja, na mboga yote na viazi vyote vitoke uani. Wakishiba, bustani inabaki. Wakiondoka na njaa, Jumatatu zege linamwagwa.

Nilikubali haraka. Nikamwambia fundi aandae mchanga.

Msimu ukageuka. Miti ikaanza kupukutisha majani, asubuhi zikawa na baridi ya kuuma masikio, na ua wetu ukafanana na nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Nyanya za mwisho zinaning'inia huku, vitunguu vimechomoza kule, mchicha umejiotea mpaka kwenye ngazi.

Na juu ya lundo la mboji, boga.

Boga hilo hakuna aliyelipanda. Lilijiotea kutoka kwenye mbegu za maganda ya boga letu la mwaka uliopita, likatambaa, likanenepa, likakaa pale kama mwenye nyumba. Mume wangu alikuwa analiamkia. Sitanii. Kila asubuhi, "Umeamkaje, mkubwa?" Mimi nilikuwa naamkiwa siku anazotafuta soksi.

Jumapili ikafika. Akalikata kwa madaha, na kusema kweli ndani lilikuwa na rangi ya kupendeza.

Jikoni kwetu chuoni kuna sheria: boga usilojua asili yake, unaonja kipande kibichi kabla ya kupika. Nikachukua kipande kama ukucha, nikakigusisha ulimini.

Ulimi ulitaka kuhama mdomo.

Jirani yetu anapanda viboga vya mapambo, vile vya kutazamwa tu. Nyuki hawajui ukuta. Wanachanganya chavua, mbegu inabeba, na mwaka unaofuata unapata boga lenye sura ya baba na sumu ya mjomba. Uchungu ule hauondoki kwa moto. Unapeleka watu chooni, na wazee unaweza kuwapeleka hospitali.

"Baba watoto, hili halipikwi. Ni chungu. Onja."

Akakitazama kile kipande, akanitazama mimi.

"Hapo linaongea zege."

"Onja basi."

"Boga linaonjwa likiiva, mke wangu. Bichi wanaonja wanaotafuta sababu."

Nikamweleza habari ya nyuki na viboga, neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda kuoga nikiamini nimezungumza na mtu mzima.

Niliporudi, wageni walishaketi na sahani zimejaa. Mume wangu alikuwa amelipika. Tena hakulipika peke yake. Alilitumbukiza sufuria moja na maharage na mboga zote alizochuma, kwa sababu kwenye mfumo vitu vinasaidiana.

Mama mkwe akachota kijiko, akakipuliza.

Nitasema ukweli, shetani alinipitia. Nyamaza, akaniambia. Ameshaambiwa, hakusikia. Nyamaza tu, kesho unaanika nguo juu ya zege.

Kijiko kikapanda.

"Mama, shusha kijiko."

Kijiko kikasimama karibu na mdomo. Kwa mama mkwe haisemwi hivyo, najua, lakini adabu ilikuwa haina nafasi ya kupita.

Wifi akanigeukia. "Haya, sasa na kula tunakatazwa. Wifi, hilo zege umelipenda kuliko mama yetu?"

Nikasema chakula ni kichungu, kina sumu, na kaka yake anajua maana nilimwambia. Mume wangu akaona heshima yake inachezewa mbele ya mama yake. Akachota kijiko kizima, akatia mdomoni, akatafuna akinikazia macho.

Akatafuna mara ya pili taratibu.

Machozi yakamtoka. Akainuka, akaelekea kwenye sinki, na tukayasikia yaliyofuata. Aliporudi alikuwa mpole kama kondoo wa kuchorwa.

Mama mkwe akaisukuma sahani kando. "Kwa hiyo hakuna chakula," akasema. "Basi, mama, mwite fundi wako."

Nimeshinda. Nilitakiwa kukaa chini, nikunje mikono, nifurahi.

Lakini wifi akafungua mkoba wake, akatoa pipi, akaimenya, akampa mama yake. Na yule mama akaanza kuinyonya, pole pole, ameinamisha kichwa, saa ya chakula cha mchana, mezani kwangu.

Ile pipi ilinichoma. Mimi nalisha chuo kizima. Mtu hajawahi kutoka kwenye meza yangu akinyonya pipi kwa njaa.

Nikanyanyua jembe. Nikaingia uani na viatu vya ndani, nikafukua viazi vitamu vilivyonona kwenye kaburi la kabati. Nikachuma maharage mabichi, nikavunja mchicha wa kwenye ngazi ambao kila siku nilikuwa nauita magugu, nikang'oa vitunguu, nikazoa nyanya. Mume wangu nikampa kazi ya kuosha na kunyamaza. Yote mawili aliyafanya vizuri.

Kila nilichochuma nilikionja. Viazi nikavichemsha na maganda yake, maharage nikayakaanga na kitunguu, mchicha nikaupitisha kwenye nyanya mpaka mchuzi ukashikana.

Wakala. Wifi aliongeza bila kukaribishwa, mara mbili. Mama mkwe alifuta sahani kwa kipande cha kiazi.

"Viazi vitamu hivi," akasema. "Umevinunua wapi?"

"Nivinunue? Mama, vimetoka hapo uani. Vyote hivi vimetoka uani, hata vitunguu."

Nilisema kwa majivuno kabisa. Kidevu juu.

Mama mkwe akaniangalia bila haraka. Wifi akaweka mkono mdomoni. Kwenye sinki, mume wangu alikuwa anasugua ile sufuria chungu na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Tumeshiba," mama mkwe akasema. "Na shahidi ni wewe mwenyewe."

Nikampigia fundi simu kumwambia asije. Akauliza kuna tatizo gani. Nikamwambia wageni wamekula vizuri.

Funzo? Boga lililojiotea lionje bichi, ukisikia uchungu tema, na asiyetaka kuonja usimwache peke yake na sufuria. Ila ukiwekeana dau na mumeo, na ili ushinde lazima watu walale njaa, likatae kama wewe ni mpishi. Mdomo utashinda, mikono itakusaliti.