Likizo ya Kabula

Kabula alikuwa bingwa wa likizo za watu. Watoto wa Bi Hafsa wakifunga shule, masufuria yaliongezeka na msuguaji alikuwa yeye. Binti mkubwa alipopata likizo ya uzazi, nepi alifua Kabula. Mzee wa nyumba alipopewa likizo ya ugonjwa kule relini, akafia humo humo, aliyekuwa akimgeuza kitandani ni Kabula. Miaka kumi na tisa katika nyumba ile ya Tabora, likizo kwake ilikuwa kazi kuongezeka, basi.

Kwa hiyo Bi Hafsa alipomwita sebuleni akamwambia, "Kabula, nakupa likizo. Wiki mbili, nenda kwenu Igalula ukapumzike," Kabula alidhani hakusikia vizuri.

"Mimi, mama?"

"Kwani naongea na kabati? Ila lete mtu wa kukushikia."

Ndiyo desturi. Mfanyakazi wa ndani akienda kwao huacha ndugu yake mahali pake, si mtu baki, ili kitu kikipotea ajulikane wa kubanwa. Kabula alituma salamu kwa kaka yake, naye akampandisha treni binti yake Levina, msichana wa miaka kumi na tisa, shikamoo haimkauki mdomoni.

Kabula hakuwa na wasiwasi wa kunyang'anywa kazi. Ndani kulikuwa na Bibi, mama mzazi wa Bi Hafsa, aliyepooza upande mmoja, na Bibi hakula ila kwa mkono wa Kabula. Wasichana wawili walishajaribu, wakatemewa uji usoni. Nani amwondoe mtu kama huyo?

Lakini hakutaka isemwe kwamba ndugu yake kamwaibisha. Siku tatu alimfundisha Levina kila kitu, mpaka yale ambayo angeyameza akafa nayo. Uji wa ulezi uwe mwepesi, asali utie mwisho. Kaa kushoto kwake, jicho la kulia halioni. Akikaza meno mwite mwali, utamwona anavyocheka.

Kule Igalula Kabula hakujua kupumzika. Alikuwa akiamka alfajiri, anafagia uwanja wa kaka yake, kisha anakaa kuhesabu siku. Wiki mbili zilipotimia alirudi Tabora na gunia dogo la karanga.

Levina ndiye aliyemfungulia, kavaa gauni la binti wa Bi Hafsa.

"Shikamoo shangazi. Karibu, kaa."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia Kabula akae katika nyumba ile. Hakukaa. Alipita moja kwa moja hadi chumbani kwa Bibi. Bibi alikuwa na uji mdomoni, kidevu kimefutwa vizuri. Akamtazama Kabula kwa jicho lake zima.

"Levina! Nani huyu anayeniingilia na viatu?"

Bi Hafsa alikuwa ameshafika mlangoni.

"Umerudi? Haraka ya nini? Nimekuongezea likizo."

"Mpaka lini, mama?"

"Nitakuita. Magoti yako yamechoka Kabula, ndoo moja unaguna kama unajifungua. Mtoto huyu ana mikono myepesi. Na umemfunza mwenyewe, si ujisifu?"

Kabula akamgeukia Levina, akasema naye Kinyamwezi ili mwenye nyumba asishike: chukua nguo zako, twende nyumbani.

Levina akajibu kwa Kiswahili, na sauti akaipandisha.

"Shangazi, mimi sijapewa likizo."

Bi Hafsa alicheka mpaka akashika mlango. Karanga alizipokea, akasema ahsante, zinafaa kwa futari.

Mwezi wa kwanza Igalula, watu walimuuliza Kabula anarudi lini, akawaambia mama hajaita. Mwezi wa pili hawakuuliza. Nyumba ya kaka yake sasa ilikuwa inakula kwa jasho la Levina, na wifi yake, mama yake Levina, alianza kuchelewa kuamka. Asubuhi moja alimsogezea Kabula masufuria ya jana yake kwa mguu.

"Si uko likizo, wifi? Basi na sisi tupumzike kidogo."

Kabula akavuta sufuria la kwanza, akauliza jivu liko wapi.